SIKU TATU KIJIJINI DORDOGNE

Mkate katika kijiji hiki hauuzwi dukani. Mwokaji wa mwisho alikwisha funga, na sasa gari dogo hupita mara tatu kwa juma na kupiga honi mbele ya kanisa. Asiyeisikia atakula biskuti hadi keshokutwa. Mwenyeji wangu, mwanamke wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 76, alikuwa kizingitini na kikapu chake dakika kumi kabla. "Haraka, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili alichojifunza Iringa, alikofundisha shule katika miaka ya 1970, "wala usisahau kusalimu kwanza."

Kwa jambo hilo, ndugu msomaji, ungejiona uko nyumbani. Huku mashambani, kusini-magharibi mwa Ufaransa, aingiaye dukani na kuagiza kitu kabla ya kutamka "bonjour" huhesabiwa kuwa hana malezi. Tena ifikapo saa sita mchana maduka mengi hufungwa hadi saa nane, watu wakale. Siku ya kwanza mimi nilibaki nje nikiutazama mlango, nikitafuta stempu.

Alhamisi tulikwenda gulioni Eymet, mji ulioanzishwa mwaka 1270. Chini ya matao ya uwanja wake palipangwa jozi, jibini za maziwa ya mbuzi na maini ya bata, na Kiingereza kilisikika karibu kila meza, kwa kuwa wastaafu wengi wa Uingereza wamehamia sehemu hizi. Mwalimu hakuonyesha furaha kubwa. Alisema wako walioishi hapa miaka 15, na Kifaransa chao hakivuki kuagiza kahawa.

Yeye alijifunza, hata mwaka 2014 akachaguliwa diwani. Lakini Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na uchaguzi wa mabaraza ulipofika Machi, yeye na wenzake hawakuruhusiwa kugombea wala kupiga kura. Kadi ya ukaazi anayo.

Ijumaa alinipeleka Monpazier kwa gari lake kuukuu. Mji huo uliasisiwa mwaka 1284 na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyetawala pia nchi hii ya Aquitaine. Barabara zake zimenyooka kama zilizopigwa rula, na baina ya nyumba na nyumba umeachwa mwanya mwembamba ili moto usirukie kwa jirani. "Mfalme wetu alijenga mji mzima," Mwalimu alicheka, "nami siwezi kumchagua hata diwani mmoja."

Usiku hakucheka. Mwanawe anamtaka arudi Uingereza. Mumewe amezikwa hapa. Daktari wa kijiji amestaafu na hakupatikana wa kushika nafasi yake. Hospitali iko Bergerac, naye haendeshi tena gari gizani. Fomu za kuomba uraia wa Ufaransa zilikuwa mezani, zimejazwa nusu.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" aliniuliza.

"Mwalimu, mimi ni mgeni wa siku tatu," nilijibu, nikaona haya kwa jibu hilo.

Asubuhi honi ililia, akatoka na kikapu. Aliporudi alifuatana na jirani, mkulima mzee wa Kifaransa, ambaye alivua kofia, akanisalimu, akaketi mezani na kuanza kumweleza ukurasa wa tatu wa fomu.