Grisi ya Lori Katika Kigari cha Chama

Wasomaji wenzangu, wengi mnaijua ile motokaa ndogo ya chama chetu cha sayansi, iongozwayo kwa rimoti, ambayo Siku ya Wazazi muhula uliopita ilisimama katikati ya uwanja ikilia kama debe lenye mawe. Wageni walicheka, nasi tulicheka, na lawama yote ikamwangukia mwenzetu wa kidato cha pili aliyeshika rimoti. Ikasemwa kwamba aliiendesha kwa fujo akavunja giya. Napenda kueleza mambo yalivyokuwa, maana mkosa ni mimi.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo nalikabidhiwa kigari nikisafishe. Nilipofungua kisanduku cha giya nikaona grisi nyeupe, kidogo sana, nikasema moyoni, "Hii haitoshi." Baba yangu ni dereva wa lori, nami nimekua nikiwatazama mafundi wakichota grisi kwa vidole na kuishindilia kwenye beringi. Basi Jumamosi nikaenda kwa fundi mmoja barabarani, akanipa ya kwake katika karatasi, nyeusi, kutoka kopo lisilo na kifuniko. Nikaijaza yote. Nikapaka hata giya ya nje, ile kubwa inayozungushwa na kigiya cha mota, ingawa tangu mwanzo ilikuwa kavu.

Ningaliweza kujua siku ile ile. Betri iliyokuwa ikienda dakika 12 ilikwisha kwa dakika 8, na mota ikawa moto hata haishikiki. Grisi ile ilikuwa nzito, ya kufaa gari la tani nyingi. Mota yetu haizidi kiberiti kwa ukubwa. Nguvu yake iliishia katika kuikoroga grisi, kama mtoto anayesonga ugali mgumu kwa kijiti. Niliona, nikanyamaza.

Baada ya aibu ile ya uwanjani, mwalimu wetu wa fizikia aliniagiza nikifungue kigari mbele yake. Meno ya giya, ambayo ni ya plastiki, yalikuwa yamelika yakabaki ncha. Akaniambia, "Isugue hiyo grisi kwa vidole." Nikaisugua, nikasikia mchanga. Grisi yenye mchanga, akasema, ni tupa; kila mzunguko hula jino. Mchanga mwingine ulitoka katika kopo, na mwingine ni vumbi la uwanja wetu lililonata kwenye giya ya nje. Ndiyo maana giya iliyo wazi huachwa kavu, na grisi hutiwa ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Ile nyeupe niliyoifuta ilikuwa ya silikoni, ambayo kwa kawaida haidhuru plastiki. Grisi zitokanazo na petroli huweza kuzilainisha au kuzipasua plastiki za namna fulani, ingawa nailoni huzistahimili vizuri. Lakini msidhani silikoni ndiyo bora mahali pote! Giya za chuma zinazosagana kwa nguvu huihitaji grisi ya lithi, kwa kuwa silikoni hushindwa na mgandamizo mkubwa. Fundi wa barabarani hakukosea aina ya grisi, kwa lori aina hiyo yafaa, mradi haina mchanga. Mimi ndiye niliyeomba bila kusema naipeleka wapi.

Usiku ule sikupata usingizi. Yule mdogo wetu alikuwa amekwisha kujitoa chamani, na bwenini walimwita Debe. Asubuhi nalimweleza mwalimu, na jioni nikasema mbele ya chama chote, naye akiwa ameitwa. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Kaka, ulijua tangu lini?"

Nikamjibu, "Tangu betri."

Giya mpya nilizinunua kwa fedha yangu ya matumizi, na kwa hiyo muhula huu sijaonja chapati ya kantini. Nilimwomba yeye azipake. Alitumia mswaki wa zamani na silikoni kiasi cha punje ya harage, akaisambaza mpaka kila jino likang'aa tu, ya nje akaiacha kavu, nami nikimshikia tochi. Tulipojaribu, kigari kilikwenda dakika 12 na sekunde chache.

Amerudi chamani. Lakini jina la Debe bado linamfuata bwenini, na ndiyo sababu nimemwomba Bwana Mhariri nafasi hii.