Laptopu Kuukuu Inatosha

Boom la muhula huu limeishia kwenye kodi ya chumba na kutoa kopi, kwa hiyo laptopu mpya haipo. Ninayo ThinkPad X220, toleo la 2011, RAM GB 4, niliyoachiwa na kaka. Windows 11 haiitaki kabisa, na usaidizi wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Washkaji wa hosteli wakasema, "Hiyo kauze vipuri."

Sikuuza. Niliazima flashi ya GB 8, nikaweka Linux Mint ya Xfce, ile nyepesi, nikaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Waifai ikashika, sauti ikatoka. Nikahifadhi mafaili yangu pembeni, ndipo nikaisimika. Python ilishakuwemo, nikaongeza Thonny, programu ya wanaoanza iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Ukifungua tabo kumi za intaneti mashine inahema, lakini kuandika programu za kujifunzia hakudai mengi.

Mwenzangu wa ualimu, hili linatuhusu. Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki, na leo yeyote anaichukua bure. Sekondari niliyosoma ilikuwa na kompyuta sita, zimefunikwa kitambaa ofisini kwa sababu "ni za zamani". Sisi tulichora kibodi daftarini. Mwakani naenda field na flashi yangu mfukoni. Wanafunzi wangu nataka waiguse.