Mianzi ya Mlima Kenya

Msomaji, ukipata likizo ya siku mbili tatu, panda matatu hadi Naro Moru, kisha ushike njia ya kwenda lango la mbuga ya Mlima Kenya. Lango hilo liko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukilipita na kuendelea kupanda, utajikuta umo ndani ya mianzi. Mwanga unapungua, joto la barabarani linasahaulika, na upepo ukivuma mianzi hugongana huko juu ikalia kama milango mibovu. Ukiona kinyesi kibichi cha nyati, usijitie ushujaa. Tembea na kiongozi anayeijua njia.

Usidanganywe na urefu wake. Mwanzi si mti, ni jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi na miwa. Huu wa milimani hufika mita 15, pengine zaidi. Yaani jumba la ghorofa nne! Ajabu ni kwamba chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene wake wa maisha. Halinenepi tena. Hurefuka tu, na kwa miezi michache limemaliza. Baada ya hapo hukomaa polepole, na anayeukata kabla ya miaka mitatu hivi huona fito zake zikisinyaa.

Najua unawaza kupanda mmoja nyumbani. Mimi nilijaribu. Shangazi yangu wa Kinangop alinichimbulia mzizi shambani mwake, nikaupanda nyuma ya nyumba hapa Nairobi, nikaumwagilia maji asubuhi na jioni. Ulitoa majani matatu, ukafa. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mwanzi huu unataka baridi, ukungu, mvua tele na udongo mzuri usiotuamisha maji. Hata mlimani kwenyewe unachagua: ukipandia Sirimon, upande wa kaskazini ulio mkavu, mianzi ni haba mno.

Kwenye joto, tafuta ule mwingine wenye shina la kijani au manjano, unaoota kwa vichaka na kustawi hata Pwani. Kata kipande cha shina lililokomaa chenye vifundo viwili au vitatu, ukifukie mvua za masika zikianza, mbali na ukuta. Nilifanya hivyo. Leo kichaka changu kimepita paa, na majirani wameanza kuulizia fito.