Jiko Jipya Halitaki Pupa

Ukishanunua jiko la makaa kwa mafundi wa jua kali pale Shauri Moyo, usikimbilie kuteleka githeri jioni hiyo hiyo. Najua watoto wana njaa, lakini subiri.

Jiko hili la bati, lililoanza kuenea nchini miaka ya 1980, ndani lina bakuli la udongo uliochomwa, likashikizwa kwa saruji. Aghalabu saruji hiyo huwa bado na unyevu. Moto mkali ukija ghafla, unyevu hugeuka mvuke ukatafuta pa kutokea. Ta! Ufa huo, na pesa zako zimekwenda.

Basi liache siku chache mahali pakavu. Kisha washa vipande vichache vya makaa, uviache vife vyenyewe. Kesho yake ongeza kidogo. Siku ya tatu teleka chai. Na tafadhali, usizime moto kwa maji! Udongo wenye moto ukimwagiwa maji baridi hupasuka hata ukiwa mkongwe.

Moto huo wa kwanza uwashe nje, kwani rangi ya bati hunuka vibaya. Lakini makaa yaliyoiva, yasiyo na moshi, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mwezi Julai, baridi inapouma Nairobi, wapo wanaolala na jiko chumbani ili wapate joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Ukilazimika kupikia ndani, fungua mlango na dirisha, na kabla ya kulala, jiko litoke nje. Blanketi lisipotosha, azima la jirani.