Bawa la Kereng'ende

Hapa kwetu Sange, katika bonde la Ruzizi, tuliaibika mbele ya watoto wa mafundisho. Ndege ndogo ilipita juu, nasi tukawaambia kwamba bawa lake sharti liwe laini kama kioo, ili hewa iteleze. Kijana mmoja akatoka, akarudi na kereng'ende aliyemkamata mpungani. "Mwalimu, mbona bawa hili lina makunyanzi?" Hatukuwa na jibu. Tulilitafuta siku nyingi, na twaungama kwamba tulikosea.

Avukaye Ruzizi ajua kwamba maji ya kando huenda polepole kuliko ya katikati. Hewa ni vivyo hivyo: ile igusayo ngozi ya bawa hukawia. Mjerumani Ludwig Prandtl alilieleza jambo hili mwaka 1904. Rubani akiinua mno pua ya ndege, hewa hiyo iliyochoka hubanduka mgongoni mwa bawa, na bawa haliwezi tena kubeba mzigo wake. Hayo yakitukia karibu na ardhi, hapana nafasi ya kujiokoa.

Kwa hiyo ndege ndogo nyingi hubandikwa safu ya vibati vidogo juu ya bawa, karibu na ukingo wa mbele. Kila kibati huisokota hewa, na msokoto huo huteremsha hewa yenye mbio ichanganyike na ile iliyokawia. Basi hewa hushikamana na bawa, na rubani aweza kwenda polepole zaidi, akatua penye kiwanja kifupi. Katika nchi ya milima hilo si jambo dogo: Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kiko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huko huilazimisha ndege kutua kwa mbio zaidi.

Je, tuligonge bawa liwe na vishimo kama mpira wa golfu? La. Mpira ni mviringo, hewa huuacha mapema, na vishimo huichelewesha. Bawa limekwisha chongwa ili hewa isiliache linapokwenda sawasawa. Makunyanzi ya kereng'ende nayo humfaa mdudu mdogo aendaye polepole. Ndege kubwa zina njia nyingine, mifereji midogo mno iliyoigwa ngozi ya papa: shirika la Swiss lilianza kuitumia juu ya Boeing 777 mwaka 2022, mafuta yakapungua kama 1 kwa 100.

Jumapili iliyofuata tulisahihisha maneno yetu mbele ya darasa lile lile. Kijana yule akaomba chaki, akachora bawa na safu ya vibati, ila akaviweka ukingo wa nyuma, mahali ambapo hewa imekwisha kubanduka. Tukamrudishia kitambaa, afute, achore tena.