Nahodha ni Sisi Wenyewe

Mwaka jana tulikodi mashua ya tanga huko Tortola, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, bila nahodha wa kuajiriwa. Babu zetu wa Lamu walikuwa mabaharia. Sisi tulizoea mabasi ya London. Mchana, upepo wa mashariki ulituvusha mlango wa Sir Francis Drake hadi Norman Island. Usiku nanga ikaburura. Tulikuwa tumetoa mnyororo mfupi: kwa kina cha mita 8, ilitupasa tutoe walau mita 40. Tuliitia upya gizani, watoto wakitumulikia tochi. Alfajiri tulitafuta kibla kwa dira, kwani chombo huzunguka na upepo, tukasujudu kwa shukrani. Ubaharia haurithiwi kwa damu, sharti kujifunza.