Ngazi za Ukambani

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Machakos, akisha kuvuka mbuga na kuanza kupanda vilima, hulakiwa na miteremko iliyokatwa ngazi ngazi tangu chini hata juu, na kila ngazi ina mahindi, kunde au mbaazi zake. Nchi hiyo ni kavu. Hata mvua za vuli ndizo Wakamba wanazoziamini kuliko za masika.

Mwaka 1937 mtaalamu wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliieleza nchi hiyo kuwa karibu imekwisha kwa mmomonyoko. Dawa iliyotolewa ilikuwa amri. Mwaka 1938 ng'ombe walitwaliwa wauzwe kwa nguvu, na Muindi Mbingu akaongoza watu hadi Nairobi kulalamika. Malipo yake yakawa kuhamishiwa Lamu. Baadaye matuta nayo yakachimbwa kwa shuruti, na mengi yakabomoka.

Kilichodumu ni kile ambacho mkulima alikiona faida yake mwenyewe. "Fanya juu", maneno ya Kiswahili ambayo wataalamu wa nchi za mbali huyatumia bila kuyatafsiri, ni kuchimba mfereji kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Ni kazi nzito kuliko kuutupa chini. Lakini tuta hupandwa majani ya ng'ombe, maji huzuilika, na baada ya miaka kadhaa shamba hujisawazisha lenyewe. Hapo bwana shamba alikuja na uzi na pimamaji, kwa maana mfereji uliokwenda upande hukusanya maji mahali pamoja, na tuta hupasuka kwa mvua ya usiku mmoja. Alileta pia mbegu ya mahindi ya Katumani, ikomaayo upesi kabla mvua haijakatika.

Wachimbaji wengi walikuwa wanawake wa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana shamba kwa shamba. Waume wengi walikuwa jeshini, polisi au mijini. Kati ya 1932 na 1989 watu wa wilaya hiyo ya zamani, pamoja na Makueni ya leo, waliongezeka kutoka 240,000 hivi hadi kama milioni 1.4, na mmomonyoko ukapungua.

Siku hizi mabwana shamba, walio chini ya serikali za kaunti tangu 2013, ni wachache, na mara nyingi hufika wakiitwa. Mke wa askari mwenye ekari zake tatu huweza kuuliza habari za mbegu kwa simu. Lakini pimamaji haisomwi kwa simu. Vuli ikaribiapo, huwa bado hajajua mfereji uanzie wapi.